Kutoa eaflo ya kibao na kuweka ya waya: maswali ya wenye Hilux na Surf za zamani

Majibu haya yanawahusu wenye pikapu na jipu za petroli zenye EFI (mafuta yanaingizwa kwa injekta zinazoongozwa na kompyuta) ya miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90: Hilux ya 22R-E, Surf ya 3VZ-E, Land Cruiser ya 3F-E na wenzao ambao bado wanapiga kazi hapa Dar. Mwenye dizeli aende moja kwa moja sehemu ya mwisho, ana swali lake huko.

## Kuijua eaflo yako

Eaflo ni nini hasa, na kwa nini ikisumbua gari zima linasumbua?

Ni sensa inayokaa kati ya ea klina na throto bodi. Kazi yake ni kuiambia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hewa kiasi gani inaingia kwenye injini. Kontrol boksi inachukua habari hiyo pamoja na mzunguko wa injini, kisha inaamua injekta zifunguke kwa muda gani. Eaflo ikidanganya, mafuta yanakosewa kuanzia sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) hadi mwendo wa kasi, na injini haina njia nyingine ya kuujua ukweli isipokuwa sensa ya oksijeni iliyoko kwenye egzosi, ambayo kwenye magari mengi ya umri huu ilishakufa zamani au imekatwa waya.

Nitajuaje kama yangu ni ya kibao?

Fungua kifuniko cha ea klina, chungulia ndani ya eaflo. Ukiona kibao cha aluminiamu kinachosukumika kwa kidole na kurudi chenyewe kwa springi, ndiyo hiyo. Kwa nje ni boksi la aluminiamu lenye kifuniko cheusi cha plastiki upande mmoja, na kwenye Toyota nyingi soketi yake ina pini saba. Ya waya ni bomba la kawaida, na ndani yake kuna kitundu kidogo chenye uzi mwembamba wa platinamu. Soketi yake huwa na pini tatu hadi tano.

Usiende kwa mwaka wa gari peke yake. Injini ya 1FZ-FE, kwa mfano, ilitoka kwanza na kibao, na Land Cruiser zilizouzwa Marekani zikahamia kwenye waya mwaka 1995. Injini ni ileile, lakini eaflo na kontrol boksi ni tofauti.

Kuna tofauti gani katika ufanyaji kazi?

Cha kibao kinafanya kazi kwa nguvu. Hewa inasukuma kibao, springi inakirudisha, na mkono mdogo unatembea juu ya njia ya kaboni na kubadilisha volti. Bosch ndio waliousambaza mfumo huu kwa jina la L-Jetronic kuanzia mwaka 1974, na Toyota na wengine wakafuata kanuni hiyohiyo. Udhaifu wake ni kwamba hausomi uzito wa hewa moja kwa moja. Hewa ya moto ni nyepesi, ya baridi ni nzito, kwa hiyo ndani ya eaflo hiyohiyo kuna sensa ya joto ya kusahihisha hesabu.

Ya waya inapasha uzi moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio kipimo. Kwa kuwa hewa nzito inapoza zaidi, sensa inasoma uzito wenyewe. Haina kitu kinachotembea, haina springi ya kuchoka wala kaboni ya kulika. Adui yake ni uchafu, na habari hiyo iko kwenye swali la ea klina.

## Kabla hujatoa hela

Gari yangu inakula mafuta na inatoa moshi mweusi. Ni eaflo?

Mara nyingi siyo. Hili ndilo swali linalowagharimu watu wengi, kwa sababu eaflo iko juu, inaonekana, na fundi anaigusa kwanza.

Anza na sensa ya joto la maji. Ikikatika au ikisoma vibaya, kontrol boksi inaamini injini bado ya baridi na kuimiminia mafuta siku nzima. Pima ohmu zake: injini ikiwa ya baridi kwa hali ya hewa yetu itasoma karibu kiloohmu 2, na ikishapata moto wa kawaida inashuka hadi ohmu mia tatu hivi. Kisha angalia regyuleta ya presha ya mafuta. Chomoa ule mpira mwembamba wa vakyumu unaokwenda kwenye regyuleta, na ukikuta petroli ndani yake, ngozi ya ndani imepasuka. Halafu injekta inayovuja. Vyote hivyo ni nafuu kuliko kazi tunayoizungumzia hapa.

Gari likikosa nguvu na sailensi ikiyumba bila moshi, kagua lile bomba la mpira lenye mikunjo kati ya eaflo na throto bodi. Lina zaidi ya miaka thelathini. Likunjue kwa mkono, chini ya kila mkunjo, maana mpasuko hujificha huko. Hewa inayoingia hapo haijapita kwenye eaflo, kwa hiyo haihesabiwi. Kipimo cha haraka ni kufungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inanguruma. Inatakiwa istuke au izime kabisa. Isipojali, jua tayari kuna hewa inaingia mahali pengine.

Naipimaje eaflo ya kibao mimi mwenyewe?

Unahitaji multimita ya kawaida, hata ile ya bei chee. Toyota walitumia aina mbili: moja volti ya pini ya VS, yaani ya ishara, hupanda kadiri kibao kinavyofunguka, nyingine hushuka. Kwenye 22R-E za mwishomwishoni ni ya kushuka: kibao kikiwa kimefunga utapata karibu volti 4, kikifunguka chote utakuta chini ya volti 1.

Washa swichi bila kuwasha injini. Chomeka waya mwekundu wa mita kwa nyuma ya soketi kwenye VS, mweusi kwenye E2 (ardhi), kisha sukuma kibao polepole kwa nyuma ya bisibisi. Kama ni aina yenye pampu inayowashwa na kibao, utaisikia pampu ikianza kulia pale kibao kinapoachana na kituo chake, usishtuke. Tazama mita: volti itembee kwa ulaini toka mwanzo hadi mwisho. Ikiruka, ikipotea na kurudi, hasa karibu na mwanzo wa safari, kaboni imelika pale mkono unapokaa muda mwingi ukiwa kwenye foleni ya Morogoro Road.

Kwa Hilux za kuanzia mwaka 1988 hivi unaweza pia kuunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia na kuhesabu taa ya cheki injini inavyowaka. Namba 31 na 32 zinahusu eaflo, 24 ni joto la hewa inayoingia. Lakini kontrol boksi hizi hushtuka pale waya unapokatika au kugusana tu. Kaboni iliyolika nusu haileti namba yoyote, kwa hiyo kutokuwaka kwa taa hakumaanishi eaflo ni nzima.

Fundi alifungua kile kifuniko cheusi akazungusha gurudumu lenye meno. Ni sawa?

Gurudumu lile ndilo linalokaza springi. Ukilegeza jino moja, kibao kinafunguka zaidi kwa hewa ileile na mafuta yanaongezeka, na ukikaza yanapungua. Kiwandani lilisetiwa na mashine. Ni sawa tu kama aliweka alama ya lilipokuwa kabla ya kuligusa na kama alikuwa anasoma kitu fulani, siyo kusikiliza sauti ya injini. Tatizo la kaboni haliondoki kwa kulegeza springi, linafichika kwa wiki mbili. Na kifuniko kisiporudishwa kwa silikoni safi, vumbi na unyevu vinaingia kumalizia kazi.

Skrubu ndogo iliyofichwa chini ya kizibo cha aluminiamu ni habari nyingine. Hiyo inarekebisha hewa ya pembeni na inagusa sailensi peke yake.

Nikiweka ya waya nitaongeza nguvu kiasi gani?

Kwa injini ambayo haijaguswa, kidogo sana, pengine usiuhisi. Kibao kinazuia hewa kidogo, lakini kwenye 22R-E ya lita 2.4 au 3VZ-E ya lita 3.0 siyo yeye anayebana injini. Unachopata ni kukanyaga mafuta na injini kuitika bila kusita, sailensi iliyotulia, na kuachana na kusaka eaflo za kibao ambazo kila mwaka zinazidi kuwa chache na mbovu. Mwenye kamshafti nyingine, injini iliyotanuliwa au tabo, huyo kweli ana sababu ya nguvu.

## Kununua

Kariakoo Gerezani napata? Niangalie nini?

Eaflo za waya zilizotoka kwenye gari za Japani zipo nyingi, Gerezani na hata Ilala. Beba tochi. Chungulia kile kitundu uone uzi haujakatika na hauna utando wa oili. Soma namba ya Denso, kampuni iliyoitengeneza, kwenye mwili wa sensa na uipige picha, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayekupa jedwali lake la volti. Omba soketi pamoja na mkia wa waya, angalau kiganja kizima. Muuzaji atakwambia soketi inauzwa kwake na sensa kwake. Vumilia, lipa, kwa sababu kuunga pini zilizolegea ndiyo chanzo cha gari linalozima ovyo miezi mitatu baadaye.

Kuhusu "mpya" zilizo kwenye maboksi yanayofanana na ya kampuni kubwa kwa bei ya chakula cha mchana, uzi wake hausomi sawa na wa asili hata kama unafanana. Afadhali used ya kweli.

Sasa si nichomeke tu ya Noah au ya RAV4 kwenye waya zangu?

Haiwezekani. Kwanza pini hazilingani. Pili, kontrol boksi yako inategemea lugha ya kibao. Kama ni ile aina ambayo volti hushuka hewa ikiongezeka, sensa ya waya inasema kinyume chake: volti hupanda hewa ikiongezeka. Ukiunganisha moja kwa moja, ukikanyaga mafuta injini inadhani umeachia. Na hata kwenye aina ya kupanda, mpandishio haulingani. Lazima pawe na kitu cha kutafsiri katikati, kama swali linalofuata linavyoeleza.

## Kufunga

Kuna njia gani za kuifanya ikubaliane na gari?

Ziko mbili.

Ya kwanza ni boksi dogo la kutafsiri ishara. Linapokea volti ya sensa mpya na kutoa volti ambayo kontrol boksi ya zamani imeizoea. Kontrol boksi inabaki, waya za injini zinabaki, na siku ukitaka kurudi nyuma unarudi. Huwa linaagizwa kutoka nje, kwa hiyo hakikisha unaagiza la injini yako na la sensa uliyonayo mkononi, ndiyo maana nikasema upige picha namba.

Ya pili ni kutupa kontrol boksi ya zamani na kuweka ya kusetiwa kwa laptopu, kama Megasquirt au Speeduino. Hapa una uhuru wote, ila unahitaji mtu anayejua kuseti kuanzia sifuri. Na maoni yangu hapa ni wazi: ukifika hatua hii, achana na eaflo kabisa. Weka sensa ya presha ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na ya joto la hewa. Hakuna uzi wa kuchafuka na hakuna chochote kwenye njia ya hewa. Watu hawapendi kusikia hivyo wakishanunua sensa.

Waya zinaungwaje?

Sensa ya Toyota ya pini tano ina +B, E2G, VG, THA na E2. +B inapata volti 12 kutoka kwenye rilei kuu ya EFI yenye fyuzi, isichukuliwe kwenye redio au popote penye waya karibu. VG ni ishara. E2G na E2 ni ardhi, nazo zirudi kwenye ardhi ya sensa kule kontrol boksi. Kuzifunga kwenye bolti ya bodi kunaleta tofauti ndogo ya volti inayobadilika kila feni au taa zikiwashwa, na sailensi itacheza usiku tu. Usicheke, hulalamikiwa sana.

THA ni joto la hewa. Sensa ya kibao uliyoitoa ilikuwa nayo ndani, kwa hiyo usiisahau. Bahati nzuri ohmu za Toyota zinafanana, kama kiloohmu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20 na karibu kiloohmu 1 kwenye nyuzi 40, hivyo ya sensa mpya inaingia bila matata. Chomelea kwa risasi na uvishe mpira wa kusinyaa. Kusokota na selotepu tuwaachie wa kengele za mlangoni.

Baada ya kufunga, gari inawaka sekunde moja inazima. Kwa nini?

Ni pampu ya mafuta. Ndani ya eaflo ya kibao ya Toyota nyingi kuna swichi ndogo, pini za FC na E1. Ukipiga stata, pampu inapewa umeme na mzunguko wa stata. Ukiachia ufunguo, kibao kilichofunguka ndicho kinachoendelea kuishikilia rilei ya pampu. Umekitoa kibao, umeitoa na swichi.

Dawa ya mtaani ni kuunga FC na E1 moja kwa moja. Gari litawaka, ndiyo. Lakini swichi ile iliwekwa ili injini ikisimama, pampu isimame. Ukipata ajali bomba likakatika na ufunguo uko ON, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Tafuta rilei inayoshikiliwa na mapigo ya koili ya plagi, ambayo inaachia injini ikizima, au boksi la kutafsiri lenye waya wake wa pampu. Ukishindwa vyote, angalau swichi ya mshtuko inayokata umeme gari likigongwa. Fundi atakayekwambia haina haja, muulize kama gari lake analipaki chini ya nyumba.

Naruhusiwa kuitoa ile sensa kwenye bomba lake na kuiweka kwenye bomba kubwa zaidi?

Sensa inaonja sehemu ndogo tu ya hewa na kukadiria iliyobaki kwa ukubwa wa bomba. Ukitoka milimita 60 kwenda 70 kwa ndani, eneo linaongezeka kwa asilimia 36. Sensa itasoma hewa pungufu kwa karibu asilimia 27, mafuta yatapungua, na pistoni ndizo zitakazolipa. Inafanyika pale tu panapokuwa na kuseti upya.

Bomba liwe limenyooka kabla ya sensa, siyo kona kisha sensa papo hapo. Mshale ulioko kwenye mwili uelekee injini. Na ile mipira midogo iliyokuwa ikichukua hewa baada ya kibao, kwa mfano ya sailensi na ya kupumulia injini, irudi baada ya sensa, vinginevyo umejitengenezea uvujaji wa hewa ulioelezwa kwenye swali la moshi mweusi.

Ea klina gani inafaa?

Ya karatasi, kwenye boksi lake la asili lililozibwa vizuri. Zile koni za kupaka oili zinaachia ukungu wa oili unaoganda kwenye uzi, kisha vumbi la Kivule au Goba linakaa juu yake na sensa inasoma hewa pungufu. Ukihitaji kusafisha, tumia spree ya kusafishia sensa ya eaflo peke yake, injini ikiwa imezimwa na imepoa, na uache ikauke kabisa. Spree ya kabureta ni kali na inaacha mabaki. Uzi usiguswe kwa brashi, pamba wala upepo wa kompresa.

Kuseti kunafanywaje?

Kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana, iliyochomelewa kwenye egzosi, mtu wa pili akiwa anasoma. Kwenye mwendo wa kawaida tafuta karibu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Ukiwa umekanyaga hadi mwisho, iwe kati ya 12.5 na 13. Sensa ya kawaida ya gari inajua tu "mengi" au "machache", haifai kwa kazi ya kukanyaga hadi mwisho. Fanya kwenye mlima mrefu usio na foleni, gari likiwa na mzigo kama unaobeba siku zote. Ukisikia injini inagonga, achia mguu hapohapo.

## Hali za pekee

Gari limewekewa gesi. Bado nibadilishe?

Gesi asilia imefanya swali hili liongezeke sana. Mifumo ya zamani ya gesi inachanganya gesi na hewa karibu na throto bodi, kwa hiyo manifoldi nzima inajaa mchanganyiko unaoweza kuwaka. Injini ikipiga risasi kwenda nyuma, mlipuko unakikuta kibao kimefunga na kukikunja. Mwenye mfumo wa aina hiyo anaweza kuua eaflo moja baada ya nyingine bila kujua sababu.

Ya waya inaokoka zaidi kwa kuwa hewa inapita wazi, ingawa boksi la ea klina linaweza kupasuka. Tiba halisi ni plagi, waya za plagi na taimingi ziwe safi, na mfumo wa gesi uwe wa injekta, moja kwa kila silinda, ili gesi iingie karibu na valvu. Hilo lifanywe kwanza, eaflo baadaye.

Nimepita kwenye maji Jangwani, sasa gari inakohoa.

Usiwashe tena kabla ya kufungua ea klina. Karatasi ikiwa imelowa hadi ndani, toa plagi uone kama maji yamefika kwenye silinda, kwa sababu kuzungusha injini yenye maji kunapinda konrodi. Tone la maji kwenye uzi wa moto linatosha kuuharibu. Kibao kinavumilia maji zaidi, ila njia yake ya kaboni itaota kutu kwenye mkono wa kugusia.

Nikienda Mbeya au Lushoto gari inakuwa nzito. Ya waya itasaidia?

Kwa upande wa mafuta, ndiyo. Juu mlimani hewa ni nyepesi na ya waya inalijua hilo yenyewe, wakati ya kibao huelekea kutoa mafuta mengi kuliko yanayotakiwa. Nguvu yenyewe itapungua tu, hewa ni chache.

Yangu ni dizeli.

2L, 3L na 5L zenye pampu ya kawaida hazina eaflo. 1KD-FTV inayo, tayari ya waya, na kazi yake kubwa ni kuongoza urudishaji wa moshi na kudhibiti moshi mweusi. Isafishe au ibadilishe kwa ya namba ileile.

Pajero ya petroli, 6G72, nayo ina kibao?

Nyingi zina sensa ya Karman, inayohesabu vimbunga vidogo vya hewa na kutoa mapigo badala ya volti. Boksi la kutafsiri la Toyota halitaielewa. Tafuta sensa ya aina hiyohiyo.

Je, nisiweke injini nyingine tu?

Kama 3VZ-E yako inakula oili na gasketi ya silinda hedi imeshaungua, ndiyo, piga hesabu ya 5VZ-FE nzima na kontrol boksi yake na waya zake. Inakuja na eaflo ya waya kutoka kiwandani na kila kitu kinaelewana. Usisahau kufuatilia mabadiliko ya namba ya injini kwenye kadi ya gari, maana trafiki akiifungua boneti hataangalia eaflo. Injini ikiwa bado nzima, boksi la kutafsiri ni kazi ndogo zaidi.

Ile eaflo ya zamani niiuze?

Kama kibao kinatembea na kaboni ni nzima, iweke kwenye mfuko wa nailoni na uihifadhi ndani, pamoja na bomba lake la mpira. Boksi la kutafsiri likifa uko Chalinze, utairudisha kwa bisibisi na spana namba 10, mradi hukukata soketi yake ya pini saba. Usikate hiyo soketi. Unga waya mpya pembeni yake na uizibe isiingie maji.